Fomu Chini ya Sufuria ya Wali

Jumapili ya kwanza ya Oktoba hapakuwa na pa kutia mguu kwenye maegesho ya chuo pale Stockton. Siku za masomo huo ni uwanja wa magari ya wanafunzi. Jumapili ni soko la mitumba, na ukichelewa unakuta vilivyovunjika tu. Mahindi yaliyopakwa malai na pilipili yalikuwa yakinukia, akordioni ilikuwa ikilia kutoka kwenye spika mbovu, na Noemí Arreola, mwalimu wa chuo hicho hicho, alikuwa akipenya katikati ya watu akitafuta taa ya mezani. Alivaa gauni la pamba la rangi ya haradali, raba nyeupe zilizochoka, na hereni za fedha za marehemu mama yake. Nywele alikuwa amezifunga fundo na kulishikiza kwa penseli, na penseli hiyo hiyo alikuwa ameitafuta asubuhi nzima.

Taa hakuipata. Alichokiona ni boksi la picha za zamani, limekaa kati ya matairi manne na blenda. Akachuchumaa. Wanaume wa Kifilipino, kofia pana, visu virefu mkononi, wameinama kwenye matuta ya asparagasi ambayo mwisho wake hauonekani. Nyuma yao mfereji wa maji, na kando ya mfereji msichana mdogo wa umbo amekaa juu ya kreti, anaicheka kamera.

"Hizi picha unauzaje?"

"Haziuzwi," ikajibu sauti juu yake.

"Sasa zimekuja sokoni kufanya nini?"

"Zimekuja kwa bahati mbaya. Nimesafisha gereji ya marehemu mjomba, nikabeba maboksi bila kuangalia. Weka hiyo, chukua blenda. Blenda nakupa bure."

"Blenda yenyewe haina kifuniko."

"Ndiyo maana ni bure."

Noemí aliinua macho. Soko zima, huyu peke yake ndiye aliyekuwa amevaa shati lililopigwa pasi, la rangi ya nili, mikono imekunjwa vizuri hadi kwenye viwiko. Alikuwa mrefu, ana mvi mbili tatu upande mmoja wa kichwa, na macho ya mtu anayejizuia kucheka.

"Huyu kwenye kreti ni nani?"

"Lola. Ndivyo tunavyoita bibi kwetu, na huyu ni wangu, mzaa baba. Yuko hai, na akijua picha yake imelala na matairi atanichapa na umri wangu huu."

"Mimi nafundisha habari za watu hawa," Noemí alisema, na moyo ukamwenda mbio kama kila alipolisema hilo. "Hapa hapa, jengo lile. Wanafunzi wangu wanakaa juu ya ardhi iliyolimwa na hawa, na hawawajui hata kwa sura."

"Unafundisha nini hasa?"

"Jumatatu na Jumatano hapa, historia ya jamii zetu. Wameksiko, Wafilipino, Weusi, wenyeji wa asili. Jumanne niko Modesto, nafundisha mazingira. Alhamisi Sacramento, masomo ya Amerika."

"Basi wewe si mwalimu, wewe ni basi la abiria."

Noemí alicheka hadi penseli ikadondoka kichwani. Mwanaume akaiokota, akaifuta kwenye shati lake safi, akampa. Jina lake Rufino Cabanlit, kazi yake kupima maji ya visima vya kaunti. Alimwandikia namba ya simu kwenye kipande cha karatasi ya gundi, akakibandika ubavuni mwa blenda.

Basi mwalimu akarudi nyumbani bila taa, amekumbatia blenda isiyo na kifuniko, anajichekea mwenyewe.

Mapenzi yao yalikulia barabarani. Noemí alikuwa mwalimu wa muda, na mwalimu wa muda nyumba yake ni gari. Kwenye buti kulikuwa na maboksi matatu, kila chuo na lake, na miaka kumi na moja alikuwa amekula chakula cha mchana kwenye usukani. Kila mwaka aliomba nafasi ya kudumu, kila mwaka akaandikiwa barua nzuri ya kumshukuru. Sasa, katikati ya chuo kimoja na kingine, kulikuwa na mtu wa kumpigia.

"Uko wapi, Basi la Abiria?"

"Manteca. Niko nyuma ya lori la nyanya, zinanidondokea kwenye kioo."

"Kusanya, tutapika. Umekula?"

"Nimekula tufaha."

"Tufaha si chakula, mpenzi, tufaha ni kitu cha kumpa farasi. Jioni nakuletea tambi za Lola."

"Na wewe uko wapi, Bwana Maji?"

"Kwenye kisima cha mzee mmoja mbishi. Anasema maji yake yamenywewa miaka hamsini na hakuna aliyelalamika."

"Mwambie waliokufa hawaji kulalamika."

Rufino akasema, "Maneno yako mengine yananitia baridi, laazizi."

"Ngoja nisimamishe gari niliandike hilo. Nitalitumia Modesto kesho."

"Wewe kila kitu unaandika?"

"Nikisikia kitu kizuri siwezi kukiacha kipite."

Rufino alicheka wakati ule. Yeye kazini kwake kila chupa ya maji ilibandikwa jina la kisima, tarehe, na jina la aliyeyateka. Chupa isiyo na maelezo ilimwagwa, hata kama maji yake yalikuwa safi kiasi gani. Alimweleza Noemí hivyo mara nyingi, na Noemí akamjibu kwamba na yeye ana chupa zake. Ilikuwa kweli. Kila muhula aliwatuma wanafunzi wakawahoji wazee wao, na kila mzee alipaswa kutia saini fomu ya ridhaa. Fomu ilikuwa na maswali manne tu, na Noemí mwenyewe ndiye aliyeitunga. Kazi isiyo na fomu ilipata sifuri, bila mjadala. Muhula ule sifuri ilimwangukia Charmaine Bulatao, msichana wa kwaya mwenye sauti ya kinanda, ambaye bibi yake alisimulia kila kitu na kisha akakataa kuweka saini.

"Lakini Mwalimu, ni bibi yangu! Hadithi ni ya kwetu!"

"Ni ya kwake, Charmaine. Alikwambia wewe, hakuliambia darasa."

Charmaine alitoka analia. Noemí alimhurumia, ila hakubadilisha alama. Alijisikia mwalimu hasa siku ile.

Mwezi wa Mei ukaleta mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, chuo cha Stockton kilimwita mbele ya kamati ya ajira: nafasi moja, ya kudumu, waombaji watatu, kila mmoja afundishe somo la dakika ishirini mbele ya walimu saba na wanafunzi wawili, Alhamisi. La pili, Jumapili kabla ya Alhamisi hiyo, Rufino alimpeleka kwa Lola kula chakula cha mchana.

Lola Pacing, kwa jina kamili Pacita, alikuwa na miaka themanini na saba. Alivaa gauni la nyumbani lenye maua makubwa ya zambarau, kandambili za plastiki, na kofia ya jua ambayo hakuivua hata ndani. Alimtazama Noemí juu chini, akamgeukia mjukuu wake.

"Mwembamba. Humlishi?"

"Anakula tufaha, Lola."

"Tufaha!" Bibi alisema, kwa sauti ya mtu aliyesikia habari za msiba. "Kaa, anak, mwanangu. Kaa ule."

Kulikuwa na kuku wa siki na vitunguu saumu, samaki wa kukaanga, na sufuria ya wali iliyotoka jikoni ikifuka. Noemí, kwa heshima zote, alitoa fomu yake kwenye mkoba. Alisema angependa siku moja kumhoji Lola kuhusu mashamba, akiridhia. Lola aliipokea ile karatasi, akaisoma mbele na nyuma, akaikunja mara mbili, akaiweka mezani, kisha akatua sufuria ya wali juu yake.

"Ili isiunguze meza," alisema. "Kula kwanza."

Walikula. Barafu ikaisha, Rufino akaambiwa aende dukani. Mlango ulipofungwa, Lola alimwangalia Noemí anavyookota punje za wali moja moja.

"Picha ile uliyoipenda," akasema. "Ya mimi kwenye kreti. Unajua kwa nini nacheka?"

"Hapana, Lola."

"Ndani ya kreti kulikuwa na mtoto. Namficha ili msimamizi asimwone, nacheka ili asishuku."

Mtoto wa kike, miezi mitano. Mwaka wa hamsini na sita, shamba la kisiwa kimoja cha mtoni. Mama akivuna, mtoto analala kwenye kreti kando ya mfereji, kitambaa chenye maji usoni kumkinga na jua. Siku moja ndege ya kunyunyizia dawa ilipita chini kuliko siku zote. Watu walikimbia, yeye alikuwa mbali, tuta la arobaini. Alipofika kitambaa kilikuwa kimelowa dawa. Mtoto aliishi siku nne tu. Daktari aliandika homa kwenye cheti, na mwenye shamba akatuma maua.

"Aliitwa Luningning," Lola alisema. Ni jina la kwao, lina maana ya kumeremeta. Alilitaja polepole, kama mtu anayeshika kitu kilichokaa kabatini muda mrefu. "Baba yake Rufino alizaliwa baadaye. Sikumwambia. Rufino hajui. Wanaojua ni vikongwe wawili tuliokuwa nao shambani, na sasa wewe. Sijui kwa nini nimekwambia. Labda kwa sababu unakula taratibu."

Noemí alimshika mkono.

"Haya ni ya mezani, anak," Lola alisema. Mlango ukafunguka, Rufino akaingia na barafu yake, akauliza nani amekufa. Bibi akamwambia ni yeye atakayekufa akichelewa tena, na wote wakacheka.

Ya mezani. Noemí alilisikia neno hilo. Baadaye angetamani angekuwa kiziwi kwa mengine yote na kulisikia hilo peke yake, lakini wakati ule lilipita tu, kama mtu anavyosema karibu tena.

Jumatano, ndani ya gari, maegesho ya Stockton, alilisoma somo lake la dakika ishirini kwa sauti. Lilikuwa la sheria za maji na mashamba, lenye takwimu sahihi na ramani mbili. Lilikuwa kavu kama biskuti. Alifumba macho na kuiona barua nzuri ya kumshukuru, ya kumi na mbili. Kisha akafungua daftari na kuanza kuandika kuhusu mwanamke aliyekaa juu ya kreti.

Aliandika kwa saa nzima bila kukata neno. Alipomaliza akafunga daftari. Alimpigia Rufino.

"Nimepata hadithi ya kesho, mpenzi."

"Hadithi gani?"

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. "Utaisikia nikipata kazi," akajibu.

"Unanifanyia mafumbo, Ticha? Haya. Vaa lile koti la bluu, linakufanya uonekane bosi."

Baada ya hapo alipiga simu ya nyumbani kwa Lola. Ikaita mara moja, mara mbili, mara tatu. Akakata. Akajiambia bibi amelala mchana, si vizuri kumsumbua. Akajiambia pia kwamba atambadilisha jina, na kweli alimbadilisha: Pacita akawa Rosa. Alibadilisha kisiwa cha shamba, alibadilisha mwaka. Kwa mtoto alijaribu Elena, akajaribu Maria, akajaribu kutotaja jina kabisa. Kila alipojaribu, hadithi ililala. Luningning ndilo lililoisimamisha. Akaliacha.

Alhamisi alivaa koti la bluu. Dakika ya kumi na nne alilitaja jina lile. Mwenyekiti wa kamati, mama mkavu asiyejulikana kwa machozi, alivua miwani akaifuta. Mmoja wa wanafunzi wawili waliokaribishwa alikuwa Charmaine Bulatao, na Charmaine alikuwa analia waziwazi. Ijumaa simu ikalia: nafasi ni yake.

"Rufino! Nimepata! Nimepata, nimepata!"

"Aaah! Basi la Abiria limepata kituo!" Alipiga kelele hadi mwenye kisima akatoka kuangalia. "Sikiliza, mke wa watu. Jumapili Lola anataka kukuona. Na mimi pia nina neno langu."

"Neno gani?"

"Utalisikia Jumapili. Nani alianza mafumbo?"

Jumapili Noemí alifika na sanduku la rangi ya waridi lililojaa mikate mitamu ya Kimeksiko, ya kwao, amevaa gauni lile la haradali kwa sababu ndilo alilovaa siku walipokutana. Rufino alikuwa amekaa kwenye ngazi za mbele, bado na nguo za kanisani. Hakusimama.

"Lola yuko ndani?"

"Kajifungia chumbani."

"Anaumwa?"

"Luningning ni nani?"

Sanduku la mikate likawa zito ghafla. Noemí aliliweka chini kwenye majani.

"Nakuuliza, Mwalimu. Luningning ni nani?"

"Rufino, nilibadilisha jina. Nilimwita Rosa. Nilibadilisha kisiwa, nilibadilisha mwaka..."

"Ulibadilisha jina la aliye hai, ukaacha la marehemu." Sauti yake ilikuwa chini, na Noemí angependa apige kelele. "Yule msichana wa kwaya kaja baada ya misa kumkumbatia Lola. Alilisimulia somo lako kwao, bibi yake, mmoja wa waliokuwa shambani na Lola, aliposikia jina tu akajua. Kamwambia Lola mbele ya watu, hadithi yako imekiliza chuo kizima. Kwa furaha! Hana kosa, mtoto wa watu. Alidhani fomu imesainiwa. Anasema mwalimu huyu hachezi na fomu, mimi alinipa sifuri."

Noemí aliufunika mdomo kwa mkono.

"Nina miaka thelathini na tisa," Rufino aliendelea. "Baba yangu amekufa bila kujua alikuwa na dada. Mimi nimejua nina shangazi leo, kwenye maegesho ya kanisa, na Lola amesimama pale na fimbo yake hajui aangalie wapi. Ulikuwa na simu yangu. Jumatano tumeongea, Noemí."

Hakuwa amemwita kwa jina tangu wajuane sokoni.

"Nilimpigia Lola."

"Ukaongea naye?"

"Iliita mara tatu."

"Lola anatembea na fimbo. Simu iko jikoni. Mara tatu hajafika hata mlangoni, na wewe umemwona anavyotembea."

"Miaka kumi na moja, Rufino. Miaka kumi na moja kwenye gari. Ningefanya nini?"

"Ungeuliza."

Rufino alisimama, akaliokota sanduku la mikate, akamrudishia kwa mikono miwili, kwa adabu, kama mtu anayemrudishia jirani bakuli. Akaingia ndani.

Noemí alirudi mara tatu. Mara zote tatu dirisha la jikoni lilifunguka kidogo na sauti ya Lola ikasema, bila ukali, "Si leo, anak." Mara ya tatu Noemí aliacha barua mlangoni, kurasa nne, zote zikisema nimekosa. Baada ya hapo hakwenda tena. Alijiambia anamwachia bibi nafasi. Ukweli ni kwamba aliogopa lile dirisha.

Agosti alianza kazi yake ya kudumu. Alipewa ofisi, jina lake mlangoni, dirisha linalotazama maegesho. Maboksi matatu yakatoka kwenye buti. Alikula mezani kama binadamu, peke yake. Wiki ya pili Charmaine alikuja kumwambia Lola Pacing amefariki, usingizini. Noemí alikaa kiti cha mwisho kanisani. Rufino alimwona, akainamisha kichwa kumsalimu, basi.

Jumapili ya kwanza ya Oktoba alikuwa ofisini akisahihisha kazi. Alitazama nje, na katikati ya mahema ya soko akaona shati la rangi ya nili. Penseli ilibaki juu ya karatasi. Alishuka ngazi bila hata kufunga mlango.

Safari hii alikuwa anauza nyumba ya Lola: viti, mapazia, vyungu vya maua, kofia tano za jua. Alikuwa amekonda. Shati lilikuwa limepigwa pasi upande wa mbele tu.

"Nilijua utaona," alisema. "Dirisha lako ni lile?"

"Lile. Hujambo, Rufino."

"Sijambo. Bado unakula tufaha?"

"Blenda. Natengeneza juisi, naifunika kwa sahani."

Alikaribia kutabasamu. Kisha akainama chini ya meza, akatoa bahasha.

"Nilikuwa natoa vitambaa vya meza kwenye droo. Hii ni yako."

Noemí aliijua kabla ya kuikunjua. Ilikuwa na alama ya duara, kahawia, pale sufuria ya wali ilipokaa. Maswali yake manne aliyoyatunga mwenyewe, na chini ya kila moja, kwa kalamu ya bluu, herufi kubwa kubwa za mtu aliyejifunza kuandika ukubwani. Tarehe ilikuwa ya Jumanne. Jumanne ile, siku mbili kabla ya Alhamisi.

*Je, unaruhusu maelezo yako yatumike kufundishia?* NDIYO.

*Je, kuna jambo usilotaka litajwe?* JINA LA MTOTO. HILO NI LANGU. MENGINE WAFUNDISHE.

Noemí alikaa juu ya tairi la mtu. Akordioni ilikuwa inalia kule kwenye mahindi, na watu walikuwa wanapita wanauliza bei za mapazia.

"Alikuwa anangoja nije Jumapili," alisema.

"Alikuwa anangoja uje Jumapili." Rufino alikaa kwenye kiti kimoja cha Lola, mkabala naye. "Sasa nisikilize, maana na mimi nina langu. Mwezi wa saba aliniuliza, yule mwalimu mbona haji tena? Nikamwambia ana shughuli. Nilikuwa na hasira bado. Akauliza tena, nikamwambia vile vile. Barua yako alikuwa anaisoma kila siku, na mimi nikamwambia una shughuli."

"Rufino."

"Kwa hiyo usibebe peke yako. Ndicho nilichokuja kusema. Ningeweza kuuza vitu hivi mahali pengine."

Aliyasema hayo akiangalia mikono yake. Noemí alitaka kumshika, akaona mkono wake mwenyewe unaishia kwenye karatasi. Palibaki swali la mwisho, ambalo alikuwa hajalisoma kwa sababu macho yalikuwa yamejaa. Lilikuwa swali la kawaida tu, la kujaza rekodi.

*Una uhusiano gani na anayekuhoji?* MKE WA MJUKUU WANGU.

Alilisoma, akalisoma tena.

"Ulijua ameandika hili?"

"Nimeliona wiki iliyopita. Ila najua lilikotoka. Jumatatu ile, siku moja baada ya kula kwake, nilimwomba pete yake. Akaivua hapo hapo, kwa sabuni ya vyombo."

"Lile neno lako la Jumapili."

"Lile."

"Pete iko wapi?"

"Nilimrudishia," Rufino alisema. "Amezikwa nayo."

Mteja mmoja alikuja kuulizia sufuria ya wali. Rufino akamwambia hiyo haiuzwi, akaitoa mezani, akaiweka miguuni mwa Noemí.

"Hii inacho kifuniko," alisema.

Noemí alicheka na kulia kwa pamoja, na Rufino naye machozi yakamlengalenga, na kwa muda kidogo walikuwa watu wawili waliokutana sokoni. Ila mtu hawezi kukaa juu ya tairi siku nzima. Rufino alimweleza amepata kazi Bakersfield, visima vingi, maji mabaya. Anaondoka mwisho wa mwezi.

"Ningekuomba usiende, ungebaki?" Noemí aliuliza. Aliuliza, safari hii.

Rufino alifikiri. Hakuharakisha, na Noemí alimshukuru kwa hilo.

"Nikikutazama, laazizi, nakupenda bado. Nisikudanganye. Halafu namwona Lola pale kanisani na fimbo yake, na najiona mimi nikimwambia una shughuli. Sijui kuishi nyumba moja na vyote viwili. Labda wewe ungeweza. Mimi siwezi."

"Sawa," alisema Noemí, ingawa haikuwa sawa hata kidogo.

"Mwanafunzi wako akikuuliza waliokufa wanalalamika wapi, mwambie wanaandika kwenye fomu."

"Naomba ruhusa ya kulitumia hilo."

"Umepewa," akasema Rufino, na akageuka kumhudumia mtu wa mapazia.

Jumatatu asubuhi Noemí aliingia darasani na koti la bluu, akaweka mezani picha ya msichana aliyekaa juu ya kreti. Rufino alikuwa ameiacha chini ya mlango wa ofisi, pamoja na fomu aliyoijaza yeye mwenyewe yote, isipokuwa swali la nne, la uhusiano, aliloliacha tupu. Noemí alisimulia kisa cha Pacita Cabanlit kwa jina lake, kisiwa chake na mwaka wake, na ndege iliyopita chini kuliko siku zote. Alipomaliza, kijana wa kiti cha mbele akanyoosha mkono.

"Mwalimu, mtoto aliitwa nani?"

"Sina ruhusa ya kulitaja," alisema Noemí, na akaanza kugawa fomu.